Kabla hujatafuta shule rafiki ya Uingereza

Haupiti mwezi bila mwalimu mmoja kunitumia ujumbe: "Dada samahani, nimesikia shule yenu ina marafiki Uingereza. Na sisi tunaomba mtuunganishe." Aliyeniandikia wiki iliyopita alikuwa mkweli kuliko wenzake wote. Madawati hayatoshi, vyoo vimejaa, na ameambiwa kwamba ukishampata mzungu wa kanisa mambo yananyooka. Nilianza kumjibu kwenye simu, vidole vikachoka. Basi naliweka jibu hapa, na wengine mnaojiandaa kuniuliza msome.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mpwapwa, Dodoma. Nafundisha Kiingereza, na kwa miaka mingi ndiye mratibu wa urafiki wetu na shule moja ya kijijini huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Hatukutafutana mtandaoni. Dayosisi ya Mpwapwa ya Kanisa Anglikana na Dayosisi ya Rochester kule Kent zina uhusiano wa muda mrefu, watu wa huku na huko wanatembeleana na kuombeana, na shule zetu mbili ziliunganishwa humo humo ndani. Hilo lishike vizuri: watu walikuwa wanajuana kabla ya shule kujuana.

Sasa, nikisema wenzetu ni "shule ya kanisa", najua unachokiona kichwani. Unaona jengo la ghorofa, basi la njano, ada ya mamilioni, watoto wenye soksi nyeupe. Futa. Kanisa la Uingereza lina shule karibu 4,600, nyingi zikiwa za msingi, nyingi zikiwa vijijini, na mtoto hasomi kwa ada. Zilianza kujengwa kwa wingi baada ya chama kiitwacho National Society kuundwa mwaka 1811 ili watoto wa maskini wapate kusoma, wakati serikali yao ilikuwa bado haijajishughulisha na elimu. Serikali ilipokuja kuamka haikuzichukua moja kwa moja. Ikakubaliana na kanisa: serikali inalipa mishahara na gharama za uendeshaji, kanisa linabaki na nafasi kwenye bodi na namna yake ya kuendesha ibada. Zipo zile ambazo upande wa kanisa unatakiwa hata kuchangia asilimia 10 ya gharama kubwa za majengo, na hiyo asilimia 10 inawatoa jasho. Mwalimu mkuu wa Kent aliwahi kunionyesha ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja, karibu na maktaba. Tulicheka wote wawili.

Na sisi je? Wazee wa kijiji bado wanaiita shule yetu "ya misheni". Wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakiwa njiani kuelekea Uganda, na shule nyingi za Ugogo, nchi yetu Wagogo, zilianza na mwinjilisti, mti wa kivuli na ubao mdogo. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za madhehebu zikawa za umma. Kanisa letu liko ng'ambo ya uwanja wa mpira, kengele yake ndiyo tunayoisikia, lakini mwajiri wangu ni serikali. Kwa hiyo ni shule mbili zilizoanzishwa na kanisa moja, kila moja ikaolewa na serikali yake kwa masharti tofauti. Kwa mwalimu anayetaka kuanza, hii ina maana moja ya kazi: usianze kwa mchungaji peke yake. Mwone Afisa Elimu Kata, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, peleka suala kwenye kamati ya shule liingie kwenye muhtasari. Mgeni akitokea darasani bila hayo, atakayeulizwa ni wewe.

Nirudi kwenye barua, kwa sababu urafiki wetu ulianza kwa barua na karibu ufe kwa barua.

Bahasha ya kwanza kutoka kwetu ilibeba barua kama 40. Mwalimu aliyesimamia aliandika mfano ubaoni, watoto wakanakili. Zote zilianza na "I am fine and I hope you are fine", zote zilitaja ugali na maharage, na zote zilimalizika kwa kuomba kitu: baiskeli, viatu, mpira, mmoja saa ya mkononi. Sikumlaumu sana mwenzangu. Watoto wa darasa la tano kwenye shule ya Kiswahili hawawezi kuandika ukurasa mzima wa Kiingereza bila kushikwa mkono, na hayo ya kuomba ndiyo yaliyokuwa yakisemwa kila nyumba tangu habari za wazungu zisikike. Majibu yalikuja machache, na ya kibaridi. Baadaye nilielezwa kwamba mtoto mmoja wa Kent alilia. Ana miaka tisa, ameandikiwa na mtu asiyemjua kwamba anunue baiskeli, hana pesa, anadhani amemkosea mwenzake.

Tukakaa kikao, sisi na Mchungaji na kamati. Kwa upande wao wakakaa chao. Tulichokubaliana ndicho ambacho ningekiweka mbele ya mwalimu yeyote anayeanza leo, na wala si kigumu: barua za watoto hazitaji pesa wala vitu, kamwe, kwa pande zote mbili. Mambo ya fedha yana njia yake, kutoka parishi yao kwenda dayosisi yao, kutoka dayosisi yao kuja dayosisi yetu, kisha akaunti ya shule yenye watia saini, na risiti zinarudi njia ile ile. Mtoto hapiti kwenye njia hiyo. Mwalimu wa darasa hapiti. Mimi mratibu sipiti, na niliomba nisipite, maana nawajua ndugu zangu.

Tangu hapo barua zikaanza kuwa na watu ndani. Tuliruhusu Kiswahili, na mimi usiku nikawa natafsiri, taa ya sola ikiniishia. Tuliruhusu michoro. Mtoto wa Kent akaandika kwamba nyumbani kwao wana paka wawili. Jibu la kijana wetu: "Pole. Na ng'ombe?" Akaelezwa kwamba hawana ng'ombe hata mmoja, baba anafanya kazi London, anaenda kwa treni. Kijana akahangaika kweli kweli. Kwa Mgogo, mtu mzima mwenye mke na watoto bila ng'ombe ni habari inayohitaji maelezo. Akauliza, kwa heshima zote, mahari ilitoka wapi. Nilitamani nione uso wa mwalimu wao siku aliposoma hiyo darasani.

Oktoba moja wakatuandikia kuhusu ibada yao ya mavuno. Kule ibada ya kushukuru mavuno ni Septemba au Oktoba, mwanzoni mwa mwaka wao wa shule. Watoto wanaleta kanisani makopo ya maharage, supu, pakiti za tambi, na matofaa ya Kent ambayo wanajivunia kama sisi tunavyojivunia zabibu. Vyakula vinapelekwa benki ya chakula. Wetu wakataka kujua benki ya chakula ni nini. Nikasoma maelezo: mahali ambapo familia zisizo na chakula cha kutosha hupewa vifurushi. Darasa likanyamaza. "Madam, Uingereza kuna watu wana njaa?" Ndiyo, wapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Wakati huo sisi tuko Oktoba, ghala za nyumbani zimebaki na mtama wa chini, watu wanakula ugali na mlenda uliokaushwa tangu masika. Watoto wakaamua wenyewe kuandika barua ya pole, na ndani yake wakaeleza jinsi mlenda unavyokaushwa na kusagwa ili ufike mwezi wa kumi na mbili. Waliona ni maarifa yanayoweza kuwasaidia wale watu wa Kent. Barua ile ilisomwa kanisani kwao.

Vitabu walituletea pia. Vingine vizuri, vingine sijui nani alivichagua. Kimoja kilikuwa cha mfalme Henry wa Nane, chenye picha za wake zake sita. Watoto wangu ni Waanglikana wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kitabu kinasema huyu ndiye aliyelitenga Kanisa la Uingereza na Roma mwaka 1534, akajifanya mkuu wake, kisa kikubwa kikiwa ndoa. Maswali niliyoulizwa siku hiyo nilimpelekea Mchungaji. Naye akasema atayajibu kwenye kipaimara. Bado tunangoja.

Lakini kitu kilichoufanya urafiki huu udumu ni mvua.

Mwalimu wa sayansi wa kule alipendekeza shule zote mbili zipime mvua kila siku ya shule na kutumiana namba. Kifaa ni chupa ya plastiki ya maji: unakata shingo, unaigeuza iingie ndani kama faneli, unabandika rula pembeni. Tatizo ni kitako cha chupa kina mabonde, hakianzii sawa. Wao walitatua kwa kumimina maji kidogo hadi mabonde yafunikwe, na hapo ndipo sifuri. Tukafanya vile vile. Kufika saa saba mchana maji ya sifuri yalikuwa yameshakauka na jua. Tukaongeza, yakakauka. Watoto wa darasa la sita wakaenda kwa fundi aliyekuwa akitengeneza sakafu ya zahanati, wakaomba saruji kidogo, wakamwagia kwenye vitako, ikashika. Tukawaandikia Kent kwamba njia yao haifai kwa nchi yenye jua na tukawachorea ya kwetu. Mwaka uliofuata na wao wakahamia kwenye saruji.

Tulianza Juni. Juni sifuri. Julai sifuri. Agosti, mwalimu wao yuko likizo, sisi tunaandika sifuri. Septemba sifuri. Daftari limejaa mayai. Kwao namba ndogo ndogo zinamiminika: mbili, nne, moja na nusu, sita. Ndipo likaja swali kutoka kwa msichana mmoja wa Kent: kipima chenu kimetoboka? Akajibiwa na mvulana ambaye kwa kawaida hafungui mdomo darasani: "Hapana. Anga ndilo limeziba."

Mwishoni mwa Novemba ikadondoka ya kwanza. Desemba ikaja kwa fujo, siku moja ikashusha kiasi ambacho wao huko walikikusanya kwa wiki kadhaa. Januari ikakata, watu wakaanza kutazamana. Februari ikarudi. Machi. Ilipofika Mei tukajumlisha pande zote mbili, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilikaa chini. Jumla zetu hazikupishana sana. Ukitazama rekodi za hali ya hewa utaona si bahati ya mwaka mmoja: Dodoma kwa wastani hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na kaskazini mwa Kent, ambako ni miongoni mwa sehemu kavu za Uingereza, ni kama milimita 600 hivi. Mtu akitazama majani yao ya kijani na udongo wetu mwekundu, hawezi kukubali.

Tofauti iko kwenye namna inavyokuja na inavyoondoka. Yao inagawanywa miezi kumi na miwili, kidogo kidogo, juu ya nchi yenye ubaridi, udongo unainywa taratibu. Yetu inakuja kati ya Desemba na Aprili, kwa siku chache, kwa kishindo, nusu yake inakimbilia makorongoni. Ndiyo hiyo inayoshuka kwa hasira upande wa Gulwe na kila baada ya miaka michache inaibeba Reli ya Kati. Inayobaki inaliwa na jua. Watoto wa Kent walidhani Afrika haina mvua. Watoto wetu walidhani Uingereza inanyesha kama gharika. Sasa wana namba, tena walizipima wao.

Kutokana na namba hizo likazaliwa tangi. Wafadhili wao kanisani walikuwa wamependekeza kisima kirefu, kwa nia njema. Watoto wakafanya hesabu nyingine. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la jengo letu la madarasa ni mita 16 kwa 7, yaani mita za mraba 112. Zidisha kwa milimita 550 za mvua ya mwaka unapata lita 61,600. Toa inayomwagika na ya kuoshea paa mvua za kwanza, sema zinabaki 49,000. Shule ina watoto kama 600. Hiyo ni lita moja kwa kila mtoto kwa siku 80 na ushei. Shule hufunguliwa karibu siku 194 kwa mwaka. Paa moja halitoshi, mawili yanakaribia, na tangi ni lazima liwe kubwa kwa sababu maji yote huja kwa wakati mmoja. Hesabu hii ilifanywa darasa la sita Mpwapwa na kwenye darasa la wenzao Kent, kila upande ukamtumia mwenzake kurasa zake ahakikishe. Wao walitukosoa sehemu moja, tulikuwa tumesahau kuondoa kingo za paa. Kisha watu wazima ndiyo wakachanga. Kule waliuza keki na watoto wakatembea kuzunguka uwanja wakiwa na ndoo za maji. Huku wazazi wakatoa mchanga, mawe na nguvu. Mifereji ililetwa na fundi wa Kongwa, wilaya jirani. Hakuna barua ya mtoto iliyoomba tangi.

Kongwa hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali kwenye jambo hili. Babu yangu aliajiriwa pale mwaka 1947 kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza. Vita vilikuwa vimekwisha, Uingereza haina mafuta ya kupikia, wakakata shauri kulima karanga Tanganyika kwa mashine, mashamba ya kupita upeo wa macho. Wakaleta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Alisimulia jinsi meno ya majembe yalivyokatika, kwa sababu udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unagonga kama saruji, na jinsi mvua zilivyogoma mwaka wakiwa wameshapanda. Kufika 1951 mpango ukazikwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama. Alikuwa akimaliza hadithi kwa sentensi ile ile: mbona hawakumuuliza Mgogo hata mmoja mvua inakujaje? Niliisimulia hadithi hii kwenye ukumbi wa shule kule Kent, nikiwa nimesimama chini ya msalaba wao, na walimu wengi hawakuwa wameisikia kabisa. Watoto waliipenda sehemu ya vifaru.

Naam, nilifika Kent. Viza nilinyimwa mara ya kwanza, karatasi ikisema haieleweki kwamba nitarudi nyumbani. Mume, watoto, ajira ya serikali na shamba la alizeti havikutosha. Walimu wa kwao walikuwa wamekwisha kuja kwetu zaidi ya mara moja bila shida. Sina la kuongeza hapo, ila kama shule yenu itaandika neno "kutembeleana" kwenye makubaliano, jueni kwamba upande mmoja utatembea na mwingine utajaza fomu.

Nilipofika nilipokelewa vizuri, chai kila nusu saa. Kanisa la kijiji ni la mawe, la zamani mno, makaburi yamelizunguka. Nikapelekwa Rochester kuona kanisa kuu, ambalo dayosisi yake ilianzishwa mwaka 604. Nikajaribu kuielewa tarehe hiyo, nikashindwa. Jumapili niliifuata ibada yote kwa Kiswahili moyoni, kwa kuwa mpangilio ni ule ule. Tofauti ilikuwa idadi ya watu, na kwamba hakuna aliyecheza.

Kwenye korido ya shule ndipo nilipokwama. Walikuwa wameweka ubao mkubwa, ramani ya Tanzania, na picha za watoto wetu. Sura zao zote, majina, umri, na chini ya mmoja wameandika kwamba anaishi na bibi yake baada ya mama kufariki. Ilikuwa kweli. Mtoto mwenyewe aliandika hivyo kwenye barua. Lakini picha walizokuwa wakitutumia wao zilionyesha migongo na visogo tu, au watoto wameshika karatasi mbele ya uso. Siku zote nilidhani ni haya za Kiingereza. Nikauliza, nikaelezwa kwamba kuna taratibu za kumlinda mtoto, sura haionyeshwi bila mzazi kutia saini. Nikasema sawa. Hawa wa ukutani, nani aliwatilia saini?

Mwalimu mkuu alibadilika rangi. Simsemi kwa ubaya, maana kabla sijaondoka ubao ulikuwa umeshushwa, na tukakaa jioni ile ile tukatunga fomu moja yenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Bibi wa yule mtoto aliposomewa fomu alikubali picha, akakataa habari ya mama. Sasa ndivyo ilivyo ukutani.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Machi shule zikafungwa kwao na kwetu, zikipishana siku chache. Sisi tulirudi madarasani tarehe 29 Juni. Wao wengi walikaa nyumbani hadi Septemba, na Januari 2021 wakafungiwa tena hadi Machi. Sala ya asubuhi kwenye mstari ikawa na kipengele cha watoto wa Kent. Tuliwarekodi wasichana wakiimba, zeze moja na ngoma mbili, simu ya Mchungaji, bando langu. Wao walitazama kila mtoto akiwa chumbani kwake. Mama mmoja wa kule, sikuwahi kukutana naye, aliniandikia kwamba mwanawe hakuwa amecheka kwa wiki kadhaa, akacheka alipomwona mbuzi anapita mbele ya waimbaji.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yanakwenda. Mwalimu wa sayansi aliyeanzisha mvua alihamia shule nyingine, na kwa muhula mzima Kent hawakupima chochote. Kwetu mwalimu mkuu alihamishiwa wilaya nyingine na aliyekuja akaona kipima mvua akakitumia kuwekea maua. Kila uhamisho unaanza upya, ndiyo maana sasa makubaliano yapo kwenye karatasi, nakala kwa kamati ya shule, nakala kwa parishi, nakala kwa dayosisi. Na kalenda. Wenzetu huanza mwaka Septemba na kumaliza Julai, sisi Januari hadi Desemba. Ukiandika "mwisho wa mwaka tutatuma" kila mmoja anaelewa lake. Wageni wao hupata nafasi mwishoni mwa Julai na Agosti, bahati nzuri sisi tuko darasani.

Jambo jingine, maana najua litakuja: watakuuliza kama mnahitaji kompyuta za mitumba. Ipo shule mkoani kwetu iliyopokea shehena nzima, umeme ukiwa bado haujafika kijijini. Zilikaa stoo mpaka kuku akataga humo. Uliza kwanza umeme, fundi, na chumba chenye mlango unaofungwa, kisha ndiyo useme ndiyo.

Kwa hiyo Mwalimu wangu wa wiki iliyopita, kuhusu vyoo: usivitafutie Uingereza. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabu upungufu wako, upeleke halmashauri kwa maandishi na kamati yako, na ufuatilie kila robo mwaka hadi wakuchoke. Hiyo ni haki ya watoto wako na ina bajeti yake. Shule rafiki itafute kama una jambo watoto wako wanataka kuwaambia au kuwauliza watoto wengine. Anza na ofisi ya dayosisi yako au ya kanisa lolote mlilo karibu nalo, uulize wana uhusiano na wapi, maana wengi wanao na walimu hawajui. Ukishapata kibali cha mkurugenzi niandikie tena. Nitakutumia ile fomu ya wazazi ya lugha mbili na mchoro wa chupa yenye saruji, uubandike ofisini kabla mvua hazijaanza.